Mzigo Upite, Mtu Angoje

Ukienda Unguja kama mtalii, lazima mtu akuuzie safari ya Changuu. Boti inaondoka Mji Mkongwe, safari yenyewe ni fupi, na ukishuka unaonyeshwa kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Unapewa majani uwalishe. Unapigwa picha. Halafu unapelekwa kwenye jengo la mawe na kuambiwa hapa palikuwa gereza, na ndiyo maana wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Ukweli ni kwamba gereza hilo halikuwahi kumfunga mtu. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani, alilijenga mwaka 1893, na kabla halijapata hata mwizi wa kuku, kisiwa kikageuzwa kuwa karantini. Abiria wa meli, hasa waliotoka India, waliteremshwa hapo wakakaa wiki moja au mbili, mji wanauona kwa macho lakini hawaruhusiwi kuufikia, mpaka daktari aridhike kwamba hawajaleta maradhi.

Mimi jengo halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kalenda yake. Karantini ya Changuu ilifanya kazi karibu nusu mwaka tu, na meli zilizuiliwa hasa kati ya Desemba na Machi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa miezi hiyo ni nini. Ni kaskazi, upepo ambao kwa karne nyingi umeleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Ugonjwa ulikuwa na msimu wake kama maembe. Na miezi iliyobaki? Kisiwa kilekile kilikuwa cha starehe, wenye nafasi zao walienda kuogelea na kupunga upepo. Januari unashuka pale ukiwa mshukiwa, Julai unashuka ukiwa mgeni wa heshima.

Nimekuwa nikisoma habari za karantini tangu 2020. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu nimekaa nyumbani bila shughuli: vyuo vilifungwa Machi mwaka huo nikiwa mwaka wa pili, na kwa mambo ya karo na mengineyo sikurudi. Baadaye nikaendelea kwa sababu nilishindwa kuacha. Unaanza ukitafuta madaktari, na kweli wapo, lakini kila ukurasa unakupeleka bandarini. Kuna hoja moja inayojirudia kwa zaidi ya miaka 600, na wenye kuitoa huwa hawaoni haya kuitoa: biashara isisimame. Mzigo upite. Basi akatafutwa mtu wa kusimamishwa badala yake, na mara nyingi akawa yuleyule anayeubeba.

Hebu tuanze kwa wenyewe walioianzisha. Mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik huko Kroatia, uliishi kwa biashara ya bahari. Tauni ilipokuwa ikizunguka, mji ungeweza kufunga malango, lakini malango yakifungwa watu watakula nini? Julai 1377 baraza la mji likapitisha sheria: anayetoka mahali penye tauni asiingie mpaka akae mwezi mzima kwenye kisiwa kidogo cha Mrkan au mjini Cavtat. Siku 30. Kwingine zikaongezwa zikawa 40, quaranta kwa Kiitaliano, na neno likatembea mpaka likafika kwetu likiwa karantini. Venice nao wakajenga hospitali yao ya tauni kisiwani mwaka 1423. Utaona visiwa vinapendwa sana katika habari hii. Kisiwa hakihitaji ukuta.

Ni ujanja mzuri, siukatai. Kwa watu ambao hawakujua bakteria ni kitu gani, kuamua kwamba muda wenyewe ni kipimo ilikuwa akili kubwa. Kama unaumwa, siku 40 zitakusema. Kipimo hicho hakina maabara wala cheti, ila kina gharama, na gharama hiyo ni siku za maisha ya mtu fulani.

Ruka hadi karne ya 19. Kipindupindu kimetoka Bengali, kimezunguka dunia, na kila bandari ya Mediterania ina sheria zake za kuzuia meli. Wafanyabiashara wamechoka. Mwaka 1851 nchi 12 zikakutana Paris kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa afya, na kila nchi ilituma watu wawili, daktari mmoja na mwanadiplomasia mmoja. Mpangilio huo peke yake unakueleza mengi. Walikaa miezi sita wakibishana kama kipindupindu kinaambukiza au hakiambukizi. Uingereza, iliyokuwa na meli nyingi kuliko wote na India mkononi, haikupenda habari ya meli kungojeshwa.

Halafu 1865 kipindupindu kikazuka Makka wakati wa hija, kikaua mahujaji wengi, kikapanda meli mpaka Misri na Ulaya. Mkutano wa mwaka uliofuata, Konstantinopoli, uliwaangalia mahujaji kwa jicho lingine kabisa. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869 na mabishano yakawa makali zaidi, maana sasa njia ya India ni fupi na kila siku ya kungoja ni hasara ya mtu tajiri. Mwaka 1882 Waturuki wakafungua karantini kwenye kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, mahali ambapo meli za mahujaji zilizotoka kusini, upande wa Bahari ya Hindi, zililazimika kusimama. Mahujaji walishushwa, wakafukiziwa nguo, wakakaa siku zao, na wakalipishwa ada. Mkataba wa kwanza ambao nchi hizo zilikubaliana, ule wa Venice wa 1892, ulihusu hasa meli zinazopita Suez, ipi ipite na ipi isimame. Miaka 41 ya mikutano, na kitu cha kwanza walichoelewana ni mfereji.

Mahali hapa lazima nimtaje James Christie, kwa sababu ni hadithi yetu na haisimuliwi vya kutosha. Alikuwa daktari Mskoti aliyeishi Unguja na kumtibu Sultani. Kipindupindu kilipofika huko mwishoni mwa 1869, kila mtu alitazama baharini, maana ndiko kilikozoea kutoka. Christie akauliza watu: wafanyabiashara wa misafara, manahodha, wachukuzi, yeyote aliyetoka bara. Akafuatilia nyuma, kijiji kwa kijiji, mpaka akaonyesha kwamba safari hii ugonjwa haukuja na jahazi kutoka ng'ambo. Ulikuwa umetoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita Uhabeshi, ukateremka na nchi ya Wamaasai, ukafika Pangani na misafara, ndipo ukavuka maji. Kitabu chake kilitoka 1876. Alijua hayo yote bila darubini ya maana, kwa kuwasikiliza wapagazi. Ningependa sana mtu yeyote wa serikali zetu mwaka 2020 angekaa chini na madereva namna hiyo.

Maana kazi ya wapagazi hao leo inafanywa na madereva wa matrela. Njia imehama kutoka Pangani ikaenda Mombasa, Voi, Mlolongo, Salgaa, Malaba, Kampala, Kigali, lakini mpango ni uleule: bara inakula kinachoshushwa pwani, na kuna mtu wa kukifikisha. Na mtu huyo ameshazoea kupimwa. Ukimwi ulipoenea miaka ya 1980 na 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo marehemu Profesa Job Bwayo, waliweka kliniki kando ya barabara pale Athi River, wakawa wanawapima madereva na mataniboi. Ilikuwa kazi muhimu na ilisaidia watu. Lakini katika midomo ya raia matokeo yake yalibadilika yakawa kitu kingine: dereva wa masafa marefu ni ugonjwa unaotembea. Mimi nimelelewa Mariakani, mji ulioota kando ya mizani ya malori, na niliyasikia maneno hayo nikiwa mtoto, yakisemwa na watu ambao chakula chao chote kilitoka mfukoni mwa hao madereva.

Basi ikaja korona.

Kumbuka ilikotoka. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, na ilikuwa ni abiria wa ndege aliyetoka Marekani kupitia London na kutua Nairobi tarehe 5. Ugonjwa uliingia na pasipoti na mkoba wa magurudumu. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akazuia wasafiri kutoka nchi zenye visa, ila raia na wenye vibali vya kuishi hapa waingie na wajitenge wenyewe siku 14. Kujitenga kwa hiari! Tunawajua Wakenya. Watu walitoka uwanja wa ndege wakaenda harusini. Machi 22 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba ndege za abiria za kimataifa zitasimama usiku wa kuamkia tarehe 26, na kuanzia sasa kila anayeingia atapelekwa karantini ya lazima mahali palipochaguliwa na serikali, kwa gharama zake mwenyewe.

Kwa gharama zake mwenyewe. Mahujaji wa Kamaran wangeielewa sentensi hiyo bila mkalimani.

Wenye pesa walichagua hoteli. Wasio nazo walipelekwa mabweni ya vyuo na shule, mahali kama chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC Nairobi, ambako bei ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Piga hesabu: siku 14 ni 28,000. Halafu mtu mmoja kwenye jengo lenu akipatikana na virusi, mnaongezwa siku nyingine 14, maana mmekula pamoja na kutumia choo kimoja. Sasa ni 56,000, kwa mtu ambaye huenda alikuwa anarudi kutoka kazi ya ndani Uarabuni bila mshahara wa mwisho. Aliyemaliza siku zake na kupimwa akaonekana mzima alikwama kwa sababu hajalipa. Aprili watu wakarekodiwa wakiruka ukuta wa KMTC mchana peupe, mifuko mgongoni, na nchi nzima ikawacheka na kuwatukana. Mei 6 serikali ikatangaza kwamba karantini za serikali hazitalipishwa tena. Wiki sita zilikuwa zimepita.

Halafu kuna jambo moja ambalo naliona baya kuliko bei. Kafyu ilianza Machi 27, na haikuchukua muda kabla waliokamatwa nje usiku hawajaanza kupelekwa karantini. Fikiria vizuri. Karantini ni mahali unapomweka mtu unayedhani ana ugonjwa. Ukimchukua mtu aliyechelewa matatu, ukamchanganya na wanaodhaniwa wana virusi, eti kwa sababu amevunja sheria, umefanya nini? Changuu lilijengwa gereza likawa karantini. Sisi tulijenga karantini tukaigeuza gereza. Na wananchi wakajifunza haraka: ukihisi homa, nyamaza. Ukienda hospitali utaishia bwenini na bili juu yake. Hakuna tangazo la redio lililoweza kufuta somo hilo.

Sasa twende barabarani, ambako ndiko nilikokuwa.

Aprili 8, 2020, saa moja jioni, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mariakani iko Kilifi, mpakani kabisa, kwa hiyo jamaa zetu wa upande wa pili walikuwa kama wako ng'ambo. Ila malori yaliruhusiwa. Mchana tulikaa vibarazani kama kuku wa kufungiwa, na usiku, kafyu ikiwa imeshika, barabara ilikuwa ya makontena peke yake. Mchele, mafuta, mitumba, vipuri. Nilikuwa nalala nikisikia breki za upepo. Nchi nzima ilikuwa imelala, na magurudumu hayo ndiyo yalikuwa yanailisha, hadi Juba, hadi Goma.

Mmoja wa waliokuwa nyuma ya usukani ni mjomba wangu. Aliendesha trela la kampuni moja ya Mombasa, safari za Kampala. Kabla ya Machi alikuwa anafika Malaba, anasukuma karatasi zake, na siku mbaya kabisa anavuka kesho yake. Uganda ikaanza kuwapima madereva mpakani. Kwanza walichukuliwa sampuli na kuruhusiwa kuendelea huku majibu yakitafutwa. Waliokutwa na virusi wakawa wanasakwa barabarani wakiwa tayari wameshakula na kulala miji mitatu. Kwa hiyo utaratibu ukabadilishwa: ngoja majibu hapohapo. Lakini maabara ziko wapi? Upande wa Uganda sampuli zilisafirishwa hadi Entebbe, na upande wetu tegemeo lilikuwa maabara ya KEMRI pale Alupe, Busia. Vitendanishi vikiisha, foleni inasimama. Foleni hiyo ilirudi nyuma kilomita makumi ndani ya Kenya, lori mkia kwa mkia.

Tuliongea naye kwa simu siku ya sita. "Mjomba," akaniambia, "huku tumekuwa kijiji. Tuna mpaka mzee wa mtaa." Wanapika chini ya trela, wanaoga kwa maji ya kununua, choo ni shamba la mtu na mwenye shamba ameanza kuja na panga. Kitu kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Alikuwa amepimwa kabla ya kuondoka, cheti anacho, na cheti kina siku 14. Foleni ilikuwa inakula siku hizo. Akivuka, akashusha, akarudi, kitakuwa kimekufa, apimwe tena, angoje tena. Na posho ya safari alipewa ya siku nane, kama zamani. Mwenye gari alikuwa anapiga simu kila asubuhi kuuliza mzigo umefika wapi. Hakuuliza kingine.

Nimewahi kusikia watu wakisema madereva walikuwa wabishi. Kuna siku, ndiyo, walizima injini pale mpakani wakakataa kuvuka, wakilalamika kwamba ng'ambo wanatukanwa na kufukuzwa kama mbwa. Mimi nashangaa tu ilichukua muda mrefu hivyo.

Na hesabu zenyewe zilikuwa na miujiza yake. Jioni zile tulikuwa tunasubiri takwimu kama watu wanavyosubiri matokeo ya mechi. Katikati ya Mei Uganda ikaamua kwamba madereva wa kigeni waliopatikana na virusi hawatahesabiwa tena katika jumla ya taifa, warudishwe makwao. Kenya nayo ilikuwa ikiwarudisha madereva wa Tanzania kutoka Namanga. Mtu anaumwa, amepimwa, jibu lipo, ila hayumo katika idadi ya nchi aliyopimwa. Virusi vyake ni vya nani? Mzigo wake, kumbuka, haukuwa na swali kama hilo. Mzigo ulitafutiwa dereva mwingine.

Hata Rwanda iliyojulikana kwa mpangilio ilifanya hivyo kirasmi pale Rusumo: dereva wa nje anaishia mpakani, wa ndani anapokea usukani. Kiafya ina mantiki. Lakini kwa mwenye lori anayelala ndani ya lori, kumkabidhi mgeni funguo ni kumkabidhi nyumba.

Mei 16 Uhuru alifunga mipaka ya Tanzania na Somalia kwa watu wote, isipokuwa mizigo, na kila dereva lazima apimwe. Isipokuwa mizigo. Sijui ni nani aliandika hotuba ile lakini baraza la Ragusa lingempigia makofi. Tanzania wakati huo ilikuwa imeacha kutangaza takwimu zake mwishoni mwa Aprili zikiwa 509, na Mei 3 Rais Magufuli alikuwa amesema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri zikarudi na majibu ya korona. Watu walicheka, lakini alikuwa ametupa jiwe kwenye dirisha muhimu: kama kipimo hakiaminiki, cheti ni karatasi. Viongozi wa Arusha wakadai kwamba madereva waliorudishwa na Kenya, walipopimwa tena upande wao, hawakuwa na chochote. Maabara mbili, mtu mmoja, majibu mawili, na katikati yake nyanya zinaozea juani Namanga. Agosti 1 ndege za kimataifa zilipoanza tena, Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, na Tanzania haikuwemo. Tanzania ikaipiga marufuku Kenya Airways siku hiyohiyo, baadaye na kampuni nyingine tatu za Kenya. Kisha Tanzania ikaongezwa kwenye orodha, na katikati ya Septemba marufuku ikaondolewa. Virusi havikuwa vimefanya lolote jipya katika wiki hizo.

Kuhusu reli nitasema kidogo, maana ni jambo linalowauma watu wa kwetu. Mwaka 2019 serikali ilitaka mizigo yote ishushwe kwa SGR, Mombasa ikaandamana, agizo likasimamishwa. Mei 2020 mizigo ya kwenda Uganda na mbele yake ikaamriwa ipande treni hadi Naivasha na kuchukuliwa huko. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza madereva wanaoeneza korona barabarani. Huenda hata ingesaidia. Lakini hoja iliyoshindwa mwaka mmoja kabla ilirudi imevaa barakoa, na Mariakani tulimjua ni nani.

Wenye ndege nao walionjeshwa. Aprili 9, 2021 Uingereza iliiweka Kenya katika orodha yake nyekundu. Mkenya wa kawaida hakuruhusiwa kuingia kabisa, na raia au mkaazi wa Uingereza anayetoka huku alilazimika kukaa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750, baadaye 2,285. Kenya ikalipiza kwa kusimamisha ndege. Ilipofika Julai Uingereza ikatuahidi chanjo 817,000 za AstraZeneca, asante sana, halafu ikachukua majuma kukubali kwamba mtu aliyechanjwa Kenya kwa chanjo hiyohiyo amechanjwa. Mkono uliotoa sindano ndio uliokataa cheti chake. Kenya ilitolewa kwenye orodha Septemba 22. Novemba mwaka huohuo wanasayansi wa Afrika Kusini wakaieleza dunia kuhusu Omicron, na ndani ya siku mbili tatu kusini yote ya Afrika ikafungiwa milango, ingawa Uholanzi baadaye ilikikuta kirusi hichohicho katika sampuli zake za Novemba 19, kabla Afrika Kusini haijatoa taarifa. Waliosema ukweli ndio waliofungiwa. Dereva yeyote wa Malaba angewaonya.

Nisiwafanye wasafiri malaika. Vyeti bandia vilikuwepo, na vilikuwa vingi. Palipo na karatasi inayofungua mlango, kutakuwa na kijana mwenye printa. Madereva walikamatwa navyo mpakani, na abiria wa ndege pia. Desemba 2021 Dubai ilisimamisha abiria kutoka Nairobi baada ya watu kutua na majibu ya kuonyesha hawana korona, wakapimwa, wakakutwa nayo. Januari Kenya ikazuia ndege za abiria kutoka Falme za Kiarabu. Waliokwama katikati ni wengi, na miongoni mwao ni wasichana wa kazi za ndani ambao walikuwa wameshauza mbuzi na kukopa kwa chama ili wafike huko. Aliyetengeneza cheti bandia alipata pesa yake kabla ndege haijaruka. Lakini ukiuliza kwa nini mtu ananunua cheti, jibu si kwamba watu wetu ni waongo. Cheti cha kweli kilikuja kwa bei na kwa kungoja, na katika maisha ya wengi siku tatu za kungoja ndizo tofauti ya kuwa na kazi na kutokuwa nayo.

Mjomba aliacha trela mwaka 2022. Hakupata korona hata mara moja, au kama aliipata haikuandikwa popote. Alipimwa, kwa hesabu yake mwenyewe, mara 31. Vyeti amevihifadhi kwenye bahasha ya kaki pamoja na hati ya shamba, na ukimuuliza vya nini anasema havitupi, vilimgharimu.

Julai 31, 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini. Kilipatikana katika kituo cha mpakani cha Taita Taveta, kwa msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya. Magazeti yakaongeza kwamba ni dereva wa lori. Nilikuwa Mariakani wiki hiyo. Kando ya mizani kuna mama ana kibanda cha chai na mahamri, amewahudumia madereva tangu kabla sijazaliwa, na siku mbili baada ya tangazo alikuwa amebadilisha jambo moja tu. Kabla hajampakulia mteja, alikuwa anamwuliza kwanza ametoka wapi.